Ilungu na Kintengwe: Asili ya Hati za Usanidi na Jinsi Zinavyozikabili Tofauti za Mashine

Msafiri apitaye katika uwanda wa juu wa Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, huweza kuona hata leo mabaki ya tanuru ndefu za udongo zilizotumiwa zamani kuyeyushia chuma. Kwa Kifipa tanuru hizo huitwa malungu, na moja huitwa ilungu. Kimo cha ilungu ni kadiri ya mita 3, na upande wa chini mna matundu yaliyotiwa kewa nyingi, yaani mirija ya udongo ya kupitishia hewa. Tanuru hiyo haikuhitaji mivukuto, kwa sababu urefu wake wenyewe ulivuta upepo. Lakini kilichotoka humo hakikuwa bado chuma cha kufulia jembe. Kilikuwa bonge lililochanganyika na mavi ya chuma. Basi mafundi walilipeleka bonge hilo katika tanuru ndogo iitwayo kintengwe, wakalivukutia na kulisafisha, ndipo mhunzi alipopata chuma cha kufua.

Mpango huo wa hatua mbili una maana yake. Fundi hakutaraji mawe ya nchi yampe chuma safi kwa moto mmoja; aliyapokea kama yalivyo, na kazi yake akaipanga kwa kufuata hali hiyo. Katika zama hizi iko kazi nyingine ya ujenzi ambayo nayo imelazimika kugawanywa hivyo, nayo ni ujenzi wa programu za kompyuta. Mfano haulingani kwa kila jambo, lakini hatua ya kwanza ya kazi hiyo, iitwayo usanidi, ina historia inayostahili kuelezwa kwa Kiswahili, kwani ni habari ya maandishi yale yale kusomwa na wasomaji wasioelewana.

Programu huandikwa na mtu katika lugha ya programu, kisha hugeuzwa na programu nyingine, kompaila, kuwa amri ambazo mashine huzifahamu. Hapo awali kila mashine ilikuwa na lugha yake. Mfumo endeshi wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, uliandikwa kwanza katika lugha ya mashine moja tu. Mwaka 1973 uliandikwa upya katika lugha ya C, na baadaye, karibu na mwaka 1977, ukahamishiwa kwenye mashine za Interdata zisizofanana na zile za awali. Hapo ndipo mafundi walipotambua kwamba lugha kuwa moja si sawa na lafudhi kuwa moja.

Tofauti zenyewe zaonekana ndogo. Mashine nyingine huweka baiti kubwa ya namba mbele, nyingine huiweka nyuma. Ndiyo asili ya kisa kisimuliwacho na mafundi, cha jina UNIX lililotokea kama NUXI lilipohamishiwa mashine ngeni. Katika mashine ya PDP-11 namba nzima ya kawaida ilikuwa na biti 16; katika VAX ilikuwa na biti 32. Hali kadhalika, lugha ya C haikuamua kama aina ya data iitwayo char iweze kubeba namba hasi. Katika kompyuta nyingi za mezani yaweza. Katika nyingi zitumiazo vichakato vya ARM haiwezi. Mathalani, programu isomayo faili herufi moja moja hupewa -1 faili inapokwisha. Ikiwa mwandishi ameiweka alama hiyo ndani ya char, katika mashine ya kwanza programu husimama inavyopasa, na katika ya pili haisimami kamwe. Maandishi hayakubadilika hata nukta. Aliyebadilika ni msomaji.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuuliza jina. Waandishi walitia masharti ndani ya maandishi yao: ikiwa mashine ni fulani, fanya hivi, ikiwa ni fulani, fanya vile. Dawa hiyo ilikuwa na kasoro mbili. Kwanza, orodha ya majina haikuwa na mwisho, kwa kuwa kila mwaka ulileta mashine mpya. Pili, jina halisemi kweli daima. Mfumo wenye jina lile lile hupata uwezo mpya katika toleo lifuatalo, na mwingine hubeba kasoro ambayo ndugu yake hana. Mtaalamu wa lugha halishangai jambo hili. Ajuaye kwamba mtu ni Mfipa hajajua bado anasema lahaja gani wala ana mazoea gani ya usemi. Hana budi kumsikiliza.

Dawa ya pili ilikuwa kusikiliza. Mwaka 1976 Stuart Feldman alikuwa ametunga programu ya Make, ambayo hupanga mfuatano wa ujenzi, lakini haikuwa na njia ya kuipeleleza mashine. Mwaka 1984 Larry Wall aliambatanisha na programu yake ya kusomea habari, rn, hati ndefu iliyoichunguza mashine na kumwuliza mwenyewe maswali kabla ya ujenzi. Mwaka 1991 David MacKenzie, aliyekuwa akiifanyia kazi Free Software Foundation, alianzisha Autoconf, chombo cha kutungia hati za namna hiyo zisizohitaji kumwuliza mtu. Mwaka 2000 ilifuata CMake, iliyokusudiwa kuihudumia pia mifumo isiyo ya ukoo wa Unix.

Namna hati hiyo ifanyavyo kazi ni rahisi kueleza. Ikitaka kujua kama mashine ina uwezo fulani, haiulizi jina lake. Hutunga programu ndogo ya mistari michache yenye kuutumia uwezo huo, huikabidhi kwa kompaila, na hutazama kama imekubaliwa. Majibu yote huandikwa katika faili moja, na programu kubwa hujengwa kwa kulifuata. Tena, hati yenyewe huandikwa kwa usemi wa kikale kabisa wa amri za Unix. Kwa miaka mingi watunzi wa Autoconf waliepuka hata vipengele vya kawaida ambavyo mashine kongwe hazikuvijua. Ajaye kupima ugeni wa wengine hana budi yeye mwenyewe aeleweke kwa wote.

Ugumu huzidi pale programu inapojengwa katika mashine moja ili itumiwe katika nyingine. Hapo jaribio haliwezi kuendeshwa, kwani mashine itakayotumiwa haipo. Mafundi walibuni hila: ili kujua ukubwa wa aina ya namba, hati hutunga tamko ambalo, dhana ikiwa ya uongo, lingeunda safu yenye urefu hasi, jambo ambalo kompaila hulikataa. Basi kwa kuhesabu lipi limekubaliwa na lipi limekataliwa, jibu hupatikana pasipo kuendesha kitu.

Lakini chombo kinachotumiwa na wote na kusomwa na wachache kina hatari yake. Mwezi Februari na Machi mwaka 2024 yalitolewa matoleo mawili ya xz, programu ya kubana data, yaani 5.6.0 na 5.6.1. Ndani ya furushi lililotolewa mlikuwa na faili ya usanidi ambayo haikuwamo katika hifadhi ya wazi ya maandishi ya programu hiyo. Faili hiyo ilifanya kama hati zote za aina yake: ilipima. Ilitazama kama mashine ni Linux ya x86-64, kama kompaila ni GCC, na kama ujenzi ni wa kufungasha vifurushi vya Debian au vya RPM; masharti yote yakitimia, ilitia mlango wa siri. Katika programu hiyo hiyo nukta moja iliyopachikwa katika jaribio la CMake ililifanya jaribio lishindwe daima, na kinga ya Landlock ikaachwa pasipo mtu kujua. Andres Freund aliufichua mlango huo tarehe 29 Machi 2024, baada ya kuona kwamba kuingia kwa njia ya SSH kumechelewa kwa kadiri ya nusu sekunde.

Hapa ndipo jambo hili linapowahusu wanalugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili. Katika LibreOffice, iliyochipuka kutokana na programu hiyo mwaka 2010, lugha zitakazotiwa hutajwa katika hatua hiyo hiyo ya usanidi, na Kiswahili ni mojawapo. Hata hivyo maneno yaliyofasiriwa kwanza ni yale ya mtumiaji: faili, hariri, chapa. Maneno ya mjenzi yalibaki nyuma. Kitenzi sanidi kimekwisha kuzoeleka. Bali kuiita kazi ya kompaila kukusanya ni kufuata umbo la neno la kigeni na kuiacha maana, kwa kuwa kompaila haikusanyi bali hufasiri. Jaribio la usanidi nalo halina jina lililokubaliwa, ingawa kitenzi pima kipo na kinatosha.

Sanaa ya malungu ilikoma kabla ya katikati ya karne ya 20, majembe ya kigeni yalipokuwa yameshinda sokoni. Baadhi ya habari zake ziliandikwa na wageni kwa Kiingereza, wazee waliofanya kazi hiyo walipokuwa wangali hai. Mengine walikwenda nayo. Tanuru zimebaki zimesimama, bali ajuaye kuziwasha hayuko. Hati za usanidi zinawaka kila siku katika mashine zisizohesabika, na wanaozisoma ni wachache. Wenye kutunga istilahi hawataweza kuzifanya zisiharibike. Wawezalo ni kumpa mwanafunzi wa Sumbawanga maneno ya kuzisomea, ili nukta isiyo mahali pake isipite mbele ya macho yake bila kuulizwa.