Kindu katika Historia ya Dansi: Kutoka Gati la Lualaba hadi Kumbi za Dar es Salaam

Kasuku ni mojawapo ya komini tatu, yaani wilaya za utawala wa mji, zinazounda Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, na pamoja na Mikelenge imekaa ukingo wa kushoto wa mto Lualaba, huku Alunguli ikizitazama kutoka ng'ambo. Wanaoandika historia ya muziki wa Kongo kwa kawaida huanzia Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville zama za ukoloni, kwa kuwa huko ndiko zilikokuwa studio za Ngoma, Opika na Loningisa, na huko ndiko zilikozaliwa African Jazz mwaka 1953 na OK Jazz mwaka 1956. Utaratibu huo unamfaa anayefuatilia santuri. Lakini muziki wa dansi, yaani muziki wa bendi ya magitaa, ngoma na tarumbeta unaopigwa mbele ya watu wanaocheza, haukuishi kwenye santuri peke yake, na anayefuata nyayo za wapigaji wenyewe hana budi kupita Kindu.

Sababu ya kwanza ni njia. Kampuni ya Kibelgiji iliyojulikana kwa kifupi kama CFL, iliyopewa kazi ya kuunganisha Kongo ya juu na Maziwa Makuu, ilikamilisha reli ya Kisangani hadi Ubundu mwaka 1906, ikafikisha ile ya Kindu hadi Kongolo kufikia 1911, na mwaka 1915 ikafungua ile ya Kabalo hadi Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika. Palipokuwa na maporomoko reli ndiyo iliyobeba mzigo, na palipokuwa na maji matulivu stima iliupokea. Kindu ilikuwa mahali pa makabidhiano hayo, kwani abiria waliotoka kusini walishuka kwenye behewa wakapanda stima, na waliotoka kaskazini walifanya kinyume chake. Ng'ambo ya ziwa, Reli ya Kati ya Tanganyika ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, hivyo mtu wa Kindu mwenye nauli na subira aliweza kufika Dar es Salaam kwa reli na stima tu.

Sababu ya pili ni lugha, na hapa historia ni chungu. Misafara ya pembe na watumwa ya karne ya 19, iliyokuwa na vituo vikubwa Nyangwe na Kasongo chini ya watu kama Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, iliumiza sana watu wa Maniema, na vita vya 1892 hadi 1894 viliiondoa nguvu hiyo ili kuweka ukoloni mwingine mahali pake. Kilichobaki ni Uislamu na Kiswahili, ambacho kwa lahaja ya huko huitwa Kingwana. Kwa sababu hiyo, mwanamuziki wa Kindu aliyeelekea mashariki alifika kwa wasikilizaji walioelewa kila neno lake, ilhali nyimbo za Kilingala kutoka Kinshasa zilipendwa na wengi wasiojua zinasema nini.

Anayethibitisha jambo hili kuliko wote ni Ramadhani Mtoro Ongala, aliyejulikana kama Remmy, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947. Baada ya kupiga muziki Kongo na Uganda, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, Mzee Makassy, na bendi hiyo ilipohamia Nairobi yeye alibaki, akaingia Matimila, iliyokuja kuitwa Super Matimila. Alipofika, jiji lilikuwa na ushindani mkali: Maquis, bendi iliyotoka Kongo, ilikuwa na wapenzi wake, JUWATA ilikuwa na Msondo, na Mlimani Park, iliyoundwa mwaka huohuo wa 1978, ilijenga jina kwa mtindo wa Sikinde. Mtindo maana yake ni jina la uchezaji ambalo kila bendi ilijitambulisha nalo.

Aliyezuru jiji hilo katika miaka ya 1980 akiwa na rafiki mwenyeji angeweza kusikia bendi tofauti karibu kila usiku, kwa kuwa kila moja ilikuwa na siku na ukumbi wake. Viwanda vya santuri havikuwepo nchini, kanda zilirekodiwa hasa Radio Tanzania, na kwa hiyo kiingilio cha mlangoni ndicho kilichoendesha bendi. Wimbo ulianza polepole ili maneno yasikike, kisha ukaingia kwenye chemko, sehemu ya mwisho ya kasi ambamo magitaa ya solo na ridhimu hujibizana na wachezaji hujaa uwanjani. Hapo ndipo mpenzi wa bendi alipopanda jukwaani kutuza, yaani kumpa mwimbaji fedha au kumbandika noti kwenye paji la uso mbele ya ukumbi mzima, na mara nyingi mstari uliotuzwa ulikuwa ule uliogusa msiba au dhiki ya mtuzaji mwenyewe.

Remmy aliifahamu nguvu hiyo ya maneno vizuri kuliko wengi wa wakati wake. "Siku ya Kufa", aliouimba akiwa na Makassy, uliwafanya watu wacheze huku wakiwaza kaburi, na "Mambo kwa Soksi", uliohimiza matumizi ya kondomu wakati UKIMWI unatisha, ulinyimwa nafasi redioni lakini ukaenea kutoka ukumbini. Ziara za tamasha la WOMAD kuanzia 1988 na albamu ya Songs for the Poor Man ya mwaka 1989 zilimpeleka Ulaya, ila aliendelea kuishi Sinza, ambako kituo cha basi kinaitwa Sinza kwa Remmy, hadi alipofariki tarehe 13 Desemba 2010.

UNESCO iliiorodhesha rumba ya Kongo zote mbili mwezi Desemba 2021, na heshima hiyo ilistahili. Hata hivyo, rumba iliyovuka Ziwa Tanganyika ikajifunza kulia, kuonya na kuhubiri kwa Kiswahili ni tawi lenye historia yake, na historia hiyo haiwezi kuandikwa kwa ukamilifu kutoka Kinshasa. Inahitaji kutafutwa pia katika kumbukumbu za wazee wa reli na wa gati la Kindu, wangali wapo wanaokumbuka.