Kutoa Dawa na Kuchoma Sindano: Mfamasia wa Marekani Alivyoruhusiwa Kuchanja

Kwa miongo mingi sheria za Marekani zilimweka mfamasia nyuma ya kaunta. Alisoma cheti cha daktari, akahesabu vidonge, akabandika maelekezo kwenye chupa, akamkabidhi mgonjwa. Kutoa dawa ilikuwa kazi yake. Kuiingiza dawa hiyo katika mwili wa mtu ilikuwa kazi ya daktari au muuguzi, hata kama mfamasia ndiye aliyeijua dawa yenyewe kuliko wote wawili. Mpaka huo haukuwekwa na sayansi. Chanjo ya homa ya mafua huchomwa kwenye msuli wa juu ya mkono, kwa kawaida dozi moja ya nusu mililita, na mtu aliyesomea dawa miaka mingi anaweza kufundishwa kuichoma ipasavyo kwa muda mfupi. Mpaka uliwekwa na desturi, na desturi ikaingia katika vitabu vya sheria. Historia ya namna ulivyoondolewa inastahili kusomwa kwa makini, kwa kuwa walioufungua hawakuanza kwa kuuliza nani ana cheo cha kushika sindano. Waliuliza raia yuko wapi msimu wa mafua unapofika.

Swali hilo linatokana na tabia ya ugonjwa wenyewe. Chanjo ya homa ya mafua ilipata kibali cha matumizi ya kiraia Marekani mwaka 1945, baada ya kazi ya Thomas Francis na Jonas Salk katika Chuo Kikuu cha Michigan na majaribio kwa askari. Lakini virusi vyake hubadilika bila kukoma. Mara mbili kwa mwaka Shirika la Afya Duniani hupendekeza aina za virusi zitakazowekwa katika chanjo, mara moja kwa kila nusu ya dunia, na mtu aliyechanjwa mwaka jana anahitaji kuchanjwa tena mwaka huu. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mtoto mchanga ana kliniki yake, kadi yake na tarehe zake. Mtu mzima mwenye afya hana sababu ya kwenda kwa daktari mwezi Oktoba. Akitaka kwenda, itabidi apange miadi, aombe ruhusa kazini na pengine alipie kuonana na daktari, yote kwa ajili ya sindano ya sekunde chache. Wengi huahirisha, na msimu hupita. Famasi, kwa upande wake, huingiwa bila miadi, jioni na mwishoni mwa wiki. Takriban Wamarekani 9 kati ya 10 wanaishi ndani ya kilomita 8 kutoka famasi ya mtaani.

Mambo matatu yalikutana ili sheria ianze kutumika kwa njia mpya. La kwanza ni surua: kati ya 1989 na 1991 ugonjwa huo ulirudi Marekani kwa kishindo, ukawapata watu zaidi ya 55,000 na kuua zaidi ya 100, na viongozi wa afya wakalazimika kukiri kwamba milango ya kuingilia kwenye chanjo ni michache mno. La pili ni fedha. Mwaka 1993 Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ilianza kulipia chanjo ya homa ya mafua. La tatu ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu lilikuwa limelala vitabuni kwa miaka 15. Mwaka 1979 jimbo la Washington, lile la pwani ya Pasifiki, lilipitisha sheria iliyomruhusu mfamasia kukubaliana kwa maandishi na daktari ili amhudumie mgonjwa kwa mwongozo walioafikiana. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya chanjo. Lakini wafamasia wa jimbo hilo walipoisoma upya, waliona kuwa mwongozo unaweza kuwa wa kuchanja pia, na mwaka 1994 mafunzo rasmi ya kwanza ya wafamasia wachanjaji yakafanyika huko. Bunge halikuhitaji kupindua taaluma yoyote. Daktari aliendelea kutia saini mwongozo. Mfamasia alichoma sindano ndani ya mipaka yake.

Mwaka 1996 chama cha wafamasia wa Marekani kilianzisha kozi ya kitaifa yenye cheti, na kuanzia hapo majimbo yalifuata moja baada ya jingine, kila moja kwa masharti yake. Baadhi yalidai cheti cha daktari kwa kila mgonjwa, mengine yaliridhika na mwongozo mmoja kwa wote, na mengi yaliruhusu watu wazima peke yao. Kufikia 2009, mwaka wa janga la homa ya mafua ya H1N1, majimbo yote 50 yalikuwa yamemruhusu mfamasia kuchanja dhidi ya homa ya mafua. Miaka 15 tangu mafunzo yale ya Washington ni mingi, na wapo wazee waliougua wakati majimbo yao yakijadiliana. Hata hivyo mwendo huo wa polepole ulikuwa na faida moja: majimbo yaliyotangulia yalitoa ushahidi kwa yaliyosita.

Ushahidi huo unasema nini? Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 katika jarida la Vaccine ulilinganisha majimbo kwa takwimu za 1995 na 1999, ukaona kwamba wazee wa miaka 65 na zaidi walichanjwa kwa kiwango kikubwa zaidi pale wafamasia waliporuhusiwa. Anayepinga atasema, na ana haki ya kusema, kwamba kiwango cha wazee kilikuwa kikipanda nchi nzima hata bila wafamasia: kutoka karibu asilimia 33 mwaka 1989 hadi asilimia 63 mwaka 1997, na Medicare ina mchango wake hapo. Nakubali. Ndiyo maana ushahidi ninaouona kuwa na uzito zaidi ni ule wa saa. Uchambuzi wa chanjo zaidi ya milioni 6 zilizotolewa na famasi za kampuni ya Walgreens kati ya Agosti 2011 na Julai 2012 ulionyesha kuwa karibu asilimia 30 zilitolewa jioni, mwishoni mwa wiki au sikukuu, saa ambazo zahanati nyingi huwa zimefungwa. Siwezi kudai kwamba wote hao wangekosa chanjo kama famasi isingekuwepo. Naweza kudai kwamba walichagua saa ambayo daktari hakuwepo.

Madaktari waliopinga walitaja kwanza usalama. Je, mgonjwa akipata mzio mkali dukani? Mzio wa aina hiyo hutokea takriban mara moja katika kila dozi milioni moja, na mafunzo ya wafamasia hujumuisha kuutambua, kuchoma adrenalini na kuhuisha moyo. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: biashara. Mwenye duka anayeuza chanjo ananufaika na kila sindano. Hilo ni kweli, lakini daktari naye hulipwa kwa kila chanjo, na katika hali zote mbili kinga ni ileile: vigezo vilivyoandikwa vya nani achanjwe na nani arudishwe. La tatu ni kumbukumbu. Mtu akichanjwa huku na kutibiwa kule, daktari wake hajui. Majimbo yana rejista za chanjo za kompyuta, na sheria isiyomlazimisha mfamasia kuandika humo naihesabu kuwa sheria nusu.

Kuna pingamizi moja ambalo silipuuzi hata kidogo. Agosti 2020, katikati ya janga la UVIKO-19, serikali kuu ya Marekani iliwaruhusu wafamasia nchi nzima kuwapa watoto wa miaka 3 hadi 18 chanjo zao za kawaida. Madaktari wa watoto walipinga, wakieleza kwamba mtoto anapoletwa kuchanjwa ndipo hupimwa uzito, kuangaliwa ukuaji na kugundulika matatizo ambayo mzazi hakuyaona. Wana hoja. Msingi wa kumpeleka mtu mzima famasi ulikuwa kwamba hana kliniki anayoizoea. Mtoto mdogo anayo, na sheria njema haimtoi huko kwa urahisi.

Nje ya Marekani, zamu ya Ufaransa ilipofika, nchi hiyo ilianza kwa majaribio. Mwaka 2017 ilifungua famasi za mikoa miwili tu, mwaka uliofuata minne, na mwaka 2019 nchi nzima. Chanjo za famasi zilipanda kutoka zaidi ya 150,000 msimu wa kwanza hadi zaidi ya 700,000 msimu wa pili. Sheria, hata hivyo, haimvuti mtu kwa mkono. Katika misimu mingi chini ya nusu ya Wamarekani wazima huchanjwa, na wazee weusi wameendelea kuwa nyuma ya wazee weupe. Basi msomaji uliyeko Marekani, msimu ukianza ingia famasi iliyo karibu nawe, uliza kama bima yako inalipia, maana nyingi hulipia gharama zote, na kabla hujaondoka hakikisha mfamasia ameiingiza chanjo yako katika rejista ya jimbo ili daktari wako aione.