Berlin kwa Miguu: Walimu Wawili wa Kiswahili na Wake Zao

Wapenzi wengi wa fasihi yetu wamekisikia kitabu cha Desturi za Wasuaheli, hata kama hawajawahi kukishika. Ndicho chenye habari za ndoa, ngoma, mazishi na uganga wa watu wa Mrima, zilizoandikwa kwa Kiswahili cha watu wenyewe. Kilichapwa Göttingen mwaka 1903, na jina lililowekwa mbele ni la Mjerumani Carl Velten. Lakini sehemu kubwa ya maneno yaliyomo ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda, jirani na Bagamoyo. Mwaka 1900 Mtoro alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki.

Basi mimi na mume wangu tulipopata siku nzima ya kuzurura Berlin, mji ambao wote wawili tulikuwa hatujawahi kuuona, nilitaka tutafute nyayo za Waswahili waliotutangulia. Yeye alitaka kutembea polepole, kunywa kahawa na kupiga picha. Tukakubaliana: mimi nichague njia, yeye achague pa kula.

Tulianzia Wilhelmstraße. Karibu na namba 92 kuna bango la kumbukumbu, maana hapo ndipo ilipokuwa ofisi ya Kansela Bismarck. Humo ndimo ulimofanyika Mkutano wa Berlin, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Hakualikwa mtawala hata mmoja wa Kiafrika. Kesho yake tu, tarehe 27 Februari, Kaisari Wilhelm I alitia saini hati iliyoweka Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami chini ya kampuni ya Carl Peters. Leo ni mtaa wa kawaida kabisa, magorofa na baiskeli. Ukipita bila kusoma bango, hujui kitu.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Potsdamer Platz. Zamani palikuwa na Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe lenye migahawa na muziki. Mmoja wa wahudumu wake alikuwa Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na yeye mwenyewe aliingizwa katika Vita Kuu ya Kwanza akali mtoto. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mishahara ambayo hawakulipwa. Akaambiwa amechelewa. Akabaki hukohuko, akibeba sinia na baadaye pia kusaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu.

Tuliketi tukala kebabu za Kituruki huku nikimsimulia. Mume wangu akaniangalia. "Mama watoto, tumekuja kutembea au kuhani msiba?"

"Vyote," nikamjibu. "Kwetu hata msibani watu hula."

Akacheka, akaniambia niendelee.

Nikamweleza kuhusu Bertha Hilske, Mjerumani aliyeolewa na Mtoro mwaka 1904. Mwaka uliofuata, baada ya kuudhiwa na wanafunzi waliokataa kumheshimu mwalimu mweusi, Mtoro aliacha kazi, akapanda meli na mkewe kurudi kwao. Serikali ya kikoloni ikawazuia, kwa kuwa haikutaka kumwona Mwafrika akiishi pale na mke wa Kizungu. Yaani mtu aliyewaandikia Wajerumani jinsi Waswahili wanavyooana, kuanzia posa hadi fungate, alinyimwa kuishi kwao na mke wake wa ndoa. Wakarudi Ujerumani. Baadaye alifundisha Hamburg, akafariki Berlin mwaka 1927.

Mwaka huohuo wa 1905 ndio vita vya Maji Maji vilipoanza. Mchana tulipanda treni ya chini ya ardhi hadi Wedding, kwenye mitaa yenye majina kama Sansibarstraße na Usambarastraße. Barabara moja pale ilipewa jina la Carl Peters mwaka 1939. Mwaka 2024 ikagawanywa na kubadilishwa jina, na sehemu yake moja sasa inaitwa Maji-Maji-Allee. Mume wangu, ambaye bibi yake ni Mngoni wa Songea, ndiye aliyesimama pale muda mrefu kuliko mimi. Hakupiga picha.

Jioni tulimalizia Brunnenstraße, namba 193. Chini, kwenye njia ya waenda kwa miguu, kuna jiwe dogo lenye bamba la shaba na jina la Husen. Alimwoa Maria Schwandner Januari 1933, siku chache kabla ya Hitler kushika madaraka. Chini ya Wanazi alipoteza kazi ya uhudumu, ikabidi ajikimu kwa kuigiza katika filamu, ikiwemo ile ya 1941 ya kumtukuza Carl Peters. Mwaka huohuo alikamatwa kwa madai ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Jamani, kuzurura na umpendaye tunakuona jambo dogo. Siku nzima tulishikana mikono na hakuna aliyetuuliza kitu. Husen alikuwa mtu wa mji ule, lakini angeweza kutembea hivyo kwa hofu tu. Mtoro hakuruhusiwa kumwonyesha Bertha hata mtaa mmoja wa Dar es Salaam.

Husen amepata jiwe. Mtoro tunaweza kumpa kitu rahisi zaidi: tunapokinukuu Desturi za Wasuaheli, tuandike na jina lake. Tumeshaandika "Velten, 1903" vya kutosha.