Tramu ya Naumburg: Njia Fupi Iliyokataa Kufa

Reli ya Thuringia ilipofika Naumburg mwaka 1846, haikuupandia mji. Ilifuata bonde la mto Saale, stesheni ikajengwa huko chini, na mji wenyewe, pamoja na kanisa kuu lake la zama za kati, ukabaki mwinukoni. Kwa karibu nusu karne, msafiri aliyeshuka treni alilazimika kuukabili mlima kwa miguu au kwa gari la farasi. Historia ya tramu ya mji huu mdogo wa mashariki mwa Ujerumani inaanzia kwenye mlima huo.

Tarehe 15 Septemba 1892 tramu ya mvuke ilianza kuwapandisha abiria kutoka stesheni hadi mjini. Kwa kelele zake, wenyeji waliibandika jina la Wilde Zicke, yaani mbuzi jike mkorofi. Injini za mvuke ziliondoka, jina likabaki hadi leo.

Umeme ulichukua nafasi ya mvuke tarehe 2 Januari 1907. Reli zilikuwa na upana wa mita moja, sawa na zile za Reli ya Kati ya Tanzania, kipimo kilichopendwa na miji midogo kwa sababu kiliruhusu kona kali katika mitaa myembamba. Mwaka 1914 ncha za njia ziliunganishwa, ikawa duara kamili: tramu iliondoka stesheni, ikauzunguka mji wa kale na kurejea ilikotoka. Mitandao mingi huwa na matawi. Huu ulikuwa mzunguko mmoja tu, na mji mzima ulikuwa jirani yake.

Miaka ya 1960 na 1970 ilikuwa migumu kwa tramu za miji midogo katika Ujerumani zote mbili. Mabasi hayakudai reli wala nyaya, na wenye magari binafsi walitaka barabara yote iwe yao. Flensburg ilifunga tramu yake mwaka 1973, Reutlingen 1974 na Eisenach 1975. Naumburg, iliyokuwa upande wa Ujerumani Mashariki, iliendelea kuendesha magari madogo ya ekseli mbili, yakiwemo yaliyoundwa katika kiwanda cha Gotha.

Kufungwa kulikoepukwa enzi za Ujerumani Mashariki kukatokea baada ya muungano. Mwaka 1991, Ujerumani ikiwa imeungana kwa muda usiotimia mwaka, huduma ilisimamishwa, mabasi yakaingia. Kwa miji mingine hapo ndipo hadithi ingeishia: reli hung'olewa au hufukiwa kwa lami, magari yakauzwa kama vyuma chakavu.

Naumburg ilinusurika kwa sababu wapenzi wa usafiri wa umma walijipanga mapema. Walianzisha chama, wakayatunza magari ya zamani, wakapigania reli zisiondolewe. Mwaka 1994 tramu zilianza tena kutembea kwenye sehemu ya njia, lakini kama makumbusho yanayotembea, kwa siku maalumu tu. Kazi hiyo ya kujitolea ndiyo iliyoweka hai ujuzi wa kuendesha na kutengeneza magari ambayo viwanda vyake vilikwisha kuacha kuyaunda.

Hatua kubwa zaidi ilikuja mwaka 2007, tramu iliporejea kuwa huduma ya kila siku. Leo Njia Namba 4 inatoka stesheni kuu, inapita Theaterplatz na Vogelwiese, na tangu Desemba 2017 inafika Salztor. Urefu wake haufiki kilomita 3, na gari hupita kila baada ya nusu saa. Watalii huipanda kwenda kulitazama kanisa kuu, lililoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, lakini mwenyeji mwenye kikapu cha sokoni huipanda vilevile.

Duara la 1914 bado halijakamilika tena. Hata hivyo Naumburg imepata jambo ambalo miji mingi yenye magari ya kale katika mabanda ya makumbusho haikulipata: tramu yake imerudi kufanya kazi iliyoundiwa. Stesheni ingali bondeni, mji ungali juu, na abiria angali anahitaji kupandishwa.