Mbugi Shingoni

Nikiomba kazi yoyote Nairobi huulizwa vitu vitatu: kitambulisho, cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na barua ya mwajiri wa mwisho. Hiyo ya tatu ndiyo hunimaliza. Niliacha chuo, na tangu hapo naandika kwa mkataba wa mdomo tu. Nani atanisainia?

Swali lenyewe ni zee. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwasajili Waafrika, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alipaswa kubeba kipande: karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, na nafasi ya mwajiri kujaza siku ya kuingia kazini, mshahara, na siku ya kutoka. Ilitiwa kwenye kijisanduku cha chuma, kikaning'inia shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi.

Shuleni tulifunzwa kwamba kipande kilizuia watu kutembea. Sawa, lakini naona makali yake yalikuwa pale pa siku ya kutoka. Mzungu akikataa kutia sahihi, huajiriwi kwingine. Ukihepa, vidole vyako vinakusaliti, na ni faini ama jela. Halafu mwajiri mpya alikuwa anaona mshahara wako wa zamani kabla hajataja wake. Hapo utabishania bei na nani?

Harry Thuku, opareta wa simu katika ofisi ya hazina, aliwakusanya wafanyakazi wa Nairobi kupinga kipande na mpango wa 1921 wa kukata mishahara. Alikamatwa Machi 1922. Umati ulipojaa nje ya kituo cha polisi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mstari wa mbele, risasi zikafyatuliwa. Serikali ilihesabu waliokufa 21. Wengine walihesabu zaidi.

Kipande kilifutwa miaka ya 1940, kikaja kitambulisho cha watu wa rangi zote. Kwenye karatasi, angalau. Wanubi wa Kibra, ambao babu zao walikuwa askari wa mkoloni huyohuyo, kwa miongo mingi walisailiwa na kamati ya wazee na maafisa kabla ya kupewa. Kijana alitimiza miaka 18, akaambiwa alete karatasi za babu. Alingoja miezi, wakati mwingine miaka, na kwenye mjengo jirani msimamizi akiandika vibarua kwa nambari ya kitambulisho.