Asili ya Ukimya katika Kompyuta za Linux

Hutokea mara nyingi kwamba mtu atumiaye mfumo wa Linux huwasha kompyuta yake, akaona picha zatembea, lakini spika haitoi sauti. Wengi hudhani ya kuwa kadi ya sauti imekufa, wakanunua nyingine. Kumbe kadi yaweza kuwa nzima, na kasoro imo katika mojawapo ya matabaka ya programu yaliyowekwa juu yake tangu 1992. Asiyejua historia ya matabaka hayo hajui pa kuanzia.

Tabaka la kwanza lilitoka Finland, nchi ambamo Linus Torvalds aliuanzisha mfumo wenyewe mwaka 1991. Mwaka uliofuata Hannu Savolainen, Mfini pia, aliandika kiendeshi cha kadi ya Sound Blaster, yaani ile programu ndogo inayokiwezesha kiini cha mfumo kusema na kifaa. Kazi hiyo ikakua, ikaitwa Open Sound System. Kwa desturi ya Unix kifaa hutumiwa kama faili, na sauti ilipelekwa katika faili iitwayo /dev/dsp. Njia ilikuwa nyepesi, ila mlango ulikuwa mmoja: kwa kadi nyingi, programu moja ikiisha kuingia, nyingine haikupata nafasi.

Mwaka 1998 Jaroslav Kysela, Mcheki, alianza kazi ya ALSA, nayo ikashika mahali pa ile ya kwanza katika kiini 2.6, kilichotolewa Desemba 2003. Hapo ndipo yalipotokea mambo mawili yawasumbuayo watu hata leo. Kwanza, ALSA yenyewe huziacha njia za sauti zimefungwa mpaka zifunguliwe. Katika programu ya alsamixer njia iliyofungwa huonyeshwa kwa herufi MM, na watu huzipita bila kuzitambua. Pili, kadi hupewa namba kuanzia 0 kwa jinsi zinavyotambuliwa mfumo unapoamka. Namba 0 ikichukuliwa na njia ya HDMI, sauti yaweza kupelekwa kwenye skrini isiyo na spika, na hapo hakuna kitu kilichoharibika hata kidogo.

Juu ya ALSA Lennart Poettering, Mjerumani, aliweka PulseAudio, ili programu nyingi zipate kusikika pamoja. Fedora ilipoipokea mwaka 2007, na Ubuntu mwaka 2008, lawama zilimwangukia kama mvua. Sehemu ya lawama hizo, naona, haikuwa ya haki: programu yake ilivitaka viendeshi vitoe habari sahihi za wakati, na makosa yaliyokuwa yamelala humo yakaamka. Lakini hoja hiyo haikumfaa kitu kipofu asomewaye skrini na programu ya Orca, kwani kwake sauti ikikatika, hata maandishi ya kumwelekeza kuirudisha hayasomeki.

Tangu 2021 Fedora hutumia PipeWire, kazi ya Wim Taymans, na mifumo mingine mingi imefuata. Nayo haikuwafukuza wakubwa wake. Huijua lugha ya PulseAudio, na kwa chini bado hutegemea ALSA. Kwa hiyo mchunguzi na aanze chini: amri aplay -l humwonyesha kadi ambazo ALSA inazitambua; kisha atazame alsamixer; ndipo apande juu kwa amri pactl info. Huko, akiuliza jina la mwenye nyumba, huenda akajibiwa kwa majina mawili: PulseAudio, juu ya PipeWire.