Nani Azibe Ufa? Hoja ya Kuunda Jumuiya za Wakaazi katika Mji Mkongwe wa Zanzibar

Utangulizi

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilianguka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Msiba ule ulijulikana duniani kote kwa sababu jumba lenyewe linajulikana. Lakini Mji Mkongwe una majengo yapatayo 1,700, na mengi kati yake huchakaa bila ya kuandikwa popote. Kipande cha dari huanguka usiku, ngazi huzibwa kwa ubao, mpangaji hukusanya vyombo vyake akahamia kwa ndugu yake Ng'ambo, upande wa pili wa mji.

Si kwamba mji huu umekosa walinzi. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, mpango wa uhifadhi ukafuata mwaka 1994, na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza mji katika orodha ya urithi wa dunia. Kinachokosekana ni chombo cha wale wanaolala humo. Makala haya yanatetea hoja kwamba kila mtaa wa Mji Mkongwe uwe na jumuiya ya wakaazi, na kwamba uanachama wake utokane na kuishi, si kumiliki.

Nyumba moja, wenyewe wengi

Hoja hii huonekana wazi zaidi tukifuata njia ya maji. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na sakafu za ghorofa zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu kisha ukautoa. Unachoshindwa kukistahimili ni maji yanayoingia bila kukoma.

Masika yanapoanza, mlizamu uliopasuka humwaga maji ndani ya ukuta badala ya kuyatupa uchochoroni. Ncha za boriti zilizozama ukutani hulowa, huoza, na mchwa hufuata. Anayeishi ghorofa ya kwanza huona doa jeusi kwenye kona ya dari. Wa chini huona chokaa ikimeguka kama unga kila anapofagia. Akiona aibu akalipaka doa hilo saruji, hudhuru zaidi, kwani saruji huzuia unyevu usitoke na ukuta huendelea kuoza kwa ndani.

Sasa tuulize: mlizamu ule ni wa nani? Ghorofa ya juu huenda ikawa ya serikali, iliyotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Ya kati ni ya warithi kumi waliotawanyika Dar es Salaam, Muscat na London. Nyumba ya jirani, inayoegemea ukuta huohuo, ni ya wakfu. Chini pana duka la vinyago, na mkabala pana hoteli. Kila mmoja akiomba kibali cha matengenezo, huomba kwa sehemu yake tu, na maji hayajui mipaka ya sehemu.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Anayejua panapovuja ni mkaazi. Mwenye mamlaka ya kutengeneza ni mmiliki, ambaye mara nyingi yuko mbali. Mwenye fedha ni mfanyabiashara, ambaye anahitaji mtaa mzuri lakini halali chini ya dari ile. Ujuzi, mamlaka na fedha vimekaa katika mikono mitatu isiyokutana. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; jumuiya ni njia ya kumpa mwenye kukilalia kitanda nafasi ya kusikilizwa na mwenye kitanda.

Kujumuika si jambo geni

Wapo wanaodhani jumuiya ya wakaazi ni mtindo wa kigeni. Historia ya mji huu inasema vingine. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo, wengi wao wanyonge na wengi wao wanawake waliomiliki vibanda juu ya ardhi ya wengine, waligoma kulipa kodi ya ardhi iliyokuwa ikipandishwa na wenye viwanja. Mgomo ule uliitikisa serikali ya kikoloni hata ikalazimika kuingilia kati na kudhibiti kodi hiyo. Ardhi haikuwa yao, lakini makaazi yalikuwa yao, na kwa msingi huo walidai haki.

Tusiende mbali. Mtu akifariki leo Malindi au Kiponda, kabla ya adhuhuri majamvi yamekwisha kutandikwa, masufuria ya shughuli yamekuja, mmoja ameshika daftari la michango na vijana wamekwenda kuchimba kaburi. Hakuna aliyetuma barua ya mwaliko, wala hapaulizwi nani mwenye nyumba na nani mpangaji. Watu wanaoweza kupanga mazishi kwa saa tatu wanaweza kupanga ukarabati wa mlizamu kwa miezi mitatu. Tunachokosa ni desturi ya kukutana kabla ya msiba.

Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza husema: sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, yupo. Ni kweli, na kazi yake ni muhimu. Lakini sheha huteuliwa, hachaguliwi. Huwajibika kwanza kwa waliomteua, na shehia yake ni pana kuliko ukuta mmoja. Jumuiya haimpokonyi kazi. Humpelekea taarifa iliyokwisha kukubaliwa na majirani, jambo linalompunguzia mzigo.

La pili lina uzito zaidi: kwamba siasa itaingia. Tangu vyama vingi viruhusiwe mwaka 1992, Zanzibar imeona majirani wakigawanyika hata katika vikao vya kahawa, na baadhi ya mabaraza yakageuka maskani za vyama. Hofu hii haiwezi kupuuzwa, bali ijibiwe katika katiba ya jumuiya: kiongozi wa chama chochote asishike uongozi wa jumuiya, na ajenda isivuke majengo, maji, taka na usalama wa mtaa.

La tatu ni la wenye mali, wanaohofu kuamuliwa na wapangaji. Jumuiya tunayoitetea haiamui juu ya mali ya mtu. Inaandika, inaomba, inachangia na inashuhudia. Mpangaji akitengeneza kwa fedha yake, jumuiya ishuhudie mapatano ya maandishi kwamba gharama itakatwa katika kodi. Hapo mmiliki hapotezi kitu, na nyumba yake husalimika.

Pa kuanzia

Jumuiya ianze na uchochoro mmoja, milango ishirini au thelathini. Kanuni iwe mlango mmoja, kauli moja: chumba cha mjane na hoteli ya vyumba thelathini vihesabiwe sawa katika kura, ingawa michango itofautiane kwa uwezo.

Kazi ya kwanza iwe daftari. Kabla ya masika, watu wawili wapite mlango kwa mlango waandike panapovuja, tangu lini, na maji yanatoka wapi. Nakala iende kwa sheha, kwa Mamlaka na kwa kila mmiliki anayejulikana. Fedha zikiwepo, zitunzwe kama vikundi vya hisa vinavyotunza: sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na hesabu isomwe mbele ya wote.

Mahali pa kukutania pia pana uzito. Baraza la nje ni zuri, lakini ni la wanaume. Wanawake ndio wanaoshinda ndani na kuliona doa likipanuka. Mkutano usiowafaa wao umeanza kwa kuwatenga mashahidi wake wakuu. Chumba cha madrasa baada ya alasiri kinafaa zaidi.

Hitimisho

Mji Mkongwe ni urithi wa dunia, lakini kwanza ni mji unaoishi. Wakaazi wakiondoka mmoja mmoja, patabaki kuta zilizopakwa chokaa kwa ajili ya wageni, na hata hizo zitakosa wa kuziangalia mvua inaponyesha. Sheria, mipango na mamlaka tunazo, na bado ufa unapanuka kwa sababu anayeuona hana pa kuusemea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumekwisha kuona gharama ya kujenga ukuta. Kwa hiyo rai yetu kwa kila mkaazi anayesoma makala haya ni ndogo: kabla ya masika yajayo, nunua daftari, bisha hodi kwa jirani wa juu na wa chini, na muandike pamoja panapovuja.